Ziwa Ghorofani: Tathmini ya Onyesho la Sanaa ya Kidijitali Jijini Kisumu

Jengo lenyewe ni la zamani, mojawapo ya yale yenye maduka ya vitambaa chini na ofisi za mawakili juu, karibu na barabara ya Oginga Odinga, na mlangoni hakuna cha kumjulisha mpita njia kwamba ghorofa ya tatu imegeuzwa vyumba vya sanaa ya kidijitali inayomzunguka mtazamaji pande zote. Wanaoliendesha onyesho hili ni vijana wa papa hapa Kisumu, baadhi yao wahitimu wa masomo ya kompyuta na baadhi yao mafundi wa sauti waliozoea kukodisha spika harusini na matangani. Bado hawajakubaliana juu ya jina la shughuli yao, nami sitawabandika jina la kubuni. Kiingilio ni shilingi 500 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi mwenye kitambulisho, na kwa kiasi hicho mgeni huingia vyumba vitatu: cha miwani ya uhalisia pepe (inayomfunika mtu macho na kumweka ndani ya ulimwengu wa picha za kompyuta), cha picha zinazomulikwa kutani kwa projekta, na cha giza ambacho karibu kila kitu ndani yake ni sauti. Vyumba hivi havilingani hata kidogo. Kile kilichopewa nafasi ndogo kuliko vyote kwenye bango lao ndicho kinachostahili pesa yote, na kazi moja ambayo watoto huikimbilia ndiyo ningeiondoa.

Ni vyema nieleze kipimo nilichotumia, kwa sababu maonyesho ya aina hii kwa kawaida hupimwa kwa kiasi cha mshangao yanaouzua kwa mgeni akiwa ndani. Mshangao ni rahisi kuuzua. Taa kubwa na sauti nzito hutosha. Mimi nilitaka kujua macho na masikio yangu yangefanya nini baada ya kurudi barabarani. Tunachokiona na kukisikia hakituingii kichwani kama kilivyo. Macho, masikio, nyayo na kile kiungo kidogo cha usawa kilichomo ndani ya sikio huleta taarifa zisizokamilika, kisha ubongo huzipatanisha kwa kukisia, na makisio hayo hubadilika kwa mazoea. Katika miaka ya 1890, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye George Stratton alivaa lenzi zilizopindua taswira juu chini kwa siku kadhaa mfululizo. Alitaabika mwanzoni, kisha akaanza kuzoea, na alipozivua ukawa ulimwengu wa kawaida ndio unaomtatiza kwa muda. Sanaa inayomzunguka mtu hufanya kazi yake mahali hapo hapo, kwenye makisio, na kwa hiyo ni haki kuiuliza inaturudisha nyumbani na mazoea gani.

Wala jambo hili halikuanza na kompyuta. Mchoraji Robert Barker alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya picha ya mviringo huko Uingereza mwaka 1787, na mwaka 1793 likafunguliwa jengo la duara katika uwanja wa Leicester Square, London, ambamo mtazamaji alisimama kwenye jukwaa la katikati akiwa amezungukwa na mchoro mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Ustadi wa jengo lile ulikuwa katika kuficha ukingo: mtu hakuweza kuona mchoro ulipoishia juu wala ulipoishia chini, na jicho likikosa ukingo hukosa pia cha kulikumbusha kwamba linatazama kitambaa kilichopakwa rangi. Nilipopanda ngazi za jengo letu nilikuwa na swali hilo pia: vijana hawa wameficha nini, na ni nini kilichobaki wazi?

Chumba cha kwanza kina viti vinavyozunguka na miwani iliyounganishwa na kompyuta moja inayomwonyesha msimamizi kile ambacho kila mgeni anakitazama. Huduma hapa ni nzuri. Miwani hupanguswa baada ya kila mgeni, lenzi huwekwa sawa kulingana na nafasi kati ya macho ya mtu, na msimamizi hukaa karibu badala ya kwenda kuchezea simu yake. Miwani ya namna hii ina uzito wa takriban nusu kilo, uzito ambao shingo huanza kuulalamikia mapema kuliko mtu anavyotarajia. Wanawake waliosuka nywele kwa kuzikusanya utosini, au waliovaa vilemba, hupata taabu na mikanda yake, na ni wazi kwamba walioibuni hawakuwa na kichwa cha namna hiyo akilini. Mvaaji wa miwani ya kawaida asiivue. Kuna nafasi ya kuibakisha ndani, japo hubana.

Kazi zinazoonyeshwa humo ni tatu, na ya kwanza ni ile ya treni ya michezo inayopanda na kuporomoka milimani. Hii ndiyo niliyosema ningeiondoa. Macho yanaambiwa mwili unaporomoka, kiungo cha usawa kinasema mwili umeketi, na mgongano huo ndio unaowaletea wengi kichefuchefu. Chanzo chake kinajulikana kwa yeyote aliyewahi kuketi ndani ya basi lililosimama stendi, basi la jirani likaanza kurudi nyuma, naye akadhani ni lake linalokwenda. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, aliandika juu ya hisia hiyo ya kwenda bila kwenda tangu mwaka 1875. Kuijua ni elimu nzuri, lakini kuigeuza burudani ya kumfanya mgeni ashuke ngazi akiwa ameshikilia ukuta ni matumizi duni ya kifaa chenye uwezo mkubwa. Ya pili ni matembezi ndani ya bahari yaliyonunuliwa kutoka nje, mazuri, yasiyo na la ziada.

Ya tatu waliipiga wenyewe kwa kamera ya digrii 360, yaani inayopiga picha pande zote kwa pamoja, katika soko la Kibuye siku ya Jumapili alfajiri, wakati mizigo inashushwa. Hapa Kenya kazi za namna hii zimekwisha kuwa na historia yake fupi: mwaka 2017 Ng'endo Mukii alitoa Nairobi Berries, na kundi la wasanii la Nest la Nairobi likatoa Let This Be a Warning, zote mbili zikiwa filamu za digrii 360, kwa hiyo hawa wa Kisumu hawaanzi kutoka sifuri. Kamera yao ilisimamishwa katikati ya njia, na mtazamaji hugeuza kichwa akaona mikokoteni nyuma yake, magunia ya vitunguu kulia, na mbele yake mama anayepima omena (dagaa) kwa kopo la gorogoro. Picha ni safi. Hata hivyo, nilikuwapo mama mmoja wa makamo alipovalishwa miwani, akatazama mbele, akatazama juu, kisha akainamisha kichwa na kunyamaza kidogo.

"Mwanangu," akamwambia msimamizi, "miguu yangu imeenda wapi?"

"Miguu ipo, Mama, ila kamera haikuiona."

"Basi mwenye kuuziwa omena hapa ni nani?"

Waliokuwa wakingoja zamu walicheka, lakini sijasikia uhakiki wa kazi ile uliokuwa mkali kuliko huo. Mwaka 2009 Mel Slater, mtafiti wa uhalisia pepe, alitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuhisi kwamba uko mahali fulani, na kuamini kwamba yanayotokea mahali hapo yanatokea kweli na yanakuhusu. Filamu ya Kibuye inafaulu katika la kwanza na kuanguka katika la pili. Muuza omena anakutazama usoni na kukukaribisha kwa mkono, nawe huwezi kuitikia, huwezi kuinama kuzinusa, huwezi hata kusogea kando kumpisha mwenye mkokoteni. Ukiegemea mbele, soko zima huegemea pamoja nawe. Na suala la mwili si dogo. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walionyesha kwamba mkono wa mpira ukiwekwa mbele ya mtu, na mkono wake halisi ukafichwa, kisha yote miwili ikapapaswa kwa brashi kwa wakati mmoja, mtu huanza kuhisi mkono wa mpira ni wake. Ikiwa akili iko tayari kuupokea hata mkono wa mpira, basi kumwacha mgeni bila mwili wowote ni kumnyima kitu ambacho alikuwa tayari kukipata kwa bei rahisi. Wangechora hata kivuli cha mtu chini ya kamera kingesaidia.

Chumba cha pili nitakipitia haraka. Kuta tatu na sakafu humulikwa kwa projekta. Maua ya rangi ya waridi hafifu huanguka, vipepeo humfuata mgeni anapopunga mkono, na vitambuzi vilivyofungwa darini huchelewa kidogo, hivi kwamba kipepeo hufika pale mkono ulipokuwa, si ulipo. Asili ya wazo hili inajulikana. Kundi la teamLab lililoanzishwa Tokyo mwaka 2001 lilifungua mwaka 2018 jumba la maonyesho ambamo picha hutoka chumba kimoja kwenda kingine na kuitikia mienendo ya watu, na zaidi ya watu milioni mbili walilitembelea katika mwaka wake wa kwanza. Tangu hapo, maua yanayoanguka ukutani yamesambaa duniani kote, na haya ya Kisumu yangeweza kuwa popote pale. Maua ya mti wa nchi yenye majira manne ya mwaka yanaanguka mahali ambapo ziwa Victoria, umbali wa kutembea kwa miguu, limefunikwa kwa mapana na gugumaji lenye ua la zambarau ambalo hakuna anayelitazama. Gugumaji limetusumbua tangu miaka ya 1990: linafunga njia za mashua, linanasa nyavu, linazuia vivuko, na kwa sababu hiyo tumejifunza kulitazama bila kuliona. Chumba kinachoweza kujaza ua hilo sakafuni, likisogea kwa upepo kama linavyosogea katika ghuba ya Winam na kumzingira mgeni mpaka akose pa kukanyaga, kingefanya kazi ambayo picha ya kawaida haiwezi. Fursa hiyo imeachwa, na mahali pake pamejazwa programu iliyonunuliwa ikiwa tayari.

Kuna pia kasoro za ufundi. Projekta haiwezi kumulika weusi. Weusi ukutani ni pale tu mwanga usipofika, na mchana jua la Kisumu hupenya pembeni mwa mapazia na kuugeuza usiku wao kuwa kijivu. Pembeni picha mbili zinapokutana kuna mstari unaong'aa kuliko sehemu nyingine, na hapo ndipo ukingo ambao Barker aliuficha kwa bidii unapojitokeza na kukuambia huu ni ukuta. Mtu akija baada ya saa moja jioni, kasoro ya kwanza hupotea na ya pili hubaki.

Nilichokiona zaidi katika chumba hiki ni simu. Wageni wengi huyapa maua mgongo, wakanyoosha mkono, wakajitazama kwenye kioo cha simu, na chumba kikawa pazia la studio ya picha. Sioni sababu ya kuwasuta. Hamu ya mtu kujiona ndani ya sanaa ni ya zamani, na kuna wasanii walioifanya sehemu ya kazi yenyewe. Mwaka 2003, Olafur Eliasson alipoweka jua bandia katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern jijini London, alitumia taa za rangi moja zilizofuta rangi zote isipokuwa manjano na weusi, akafunika dari kwa kioo. Watu walilala sakafuni na kujitafuta juu kabisa, wadogo mithili ya siafu, wakipunga mikono ili wajijue ni wepi. Walijitazama, lakini kujitazama huko kuliwarudisha kwenye jua lile na kwa watu waliolala kando yao. Chumba cha maua hakina mpango wowote na hamu hiyo, na kwa hiyo hamu imekimeza chumba.

Sasa nifike kwenye chumba cha tatu, kilichoandikwa kwa herufi ndogo chini ya bango, kwa jina la ufuo wa wavuvi wa hapa Kisumu: "Dunga, kabla ya kucha."

Mlangoni simu huachwa kwenye kikapu na kila mwenyewe hupewa kibao chenye nambari. Ndani kuta zimefunikwa kwa kitambaa kizito cheusi, chini kumetandikwa mikeka, na spika zimepangwa kwa duara kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, nyingine zikiwa zimeinuliwa karibu na dari. Mlango ukifungwa, giza huwa kamili, na kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea. Mwanzoni nilidhani mtambo umekwama. Baadaye nilielewa kwamba kungoja huko kumekusudiwa, kwa kuwa jicho la binadamu huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza sawasawa, na hata dakika za mwanzo huleta tofauti kubwa. Anayeingia akitoka kwenye mwangaza wa projekta huwa kipofu humo. Anayetulia huanza kupata macho mengine.

Kisha maji. Hayakuwa mawimbi ya ufuoni, yalikuwa maji yanayogonga mbao za mashua kutoka chini, kwa ukaribu ambao mtu huupata akiwa ameketi ndani yake tu. Vyura wako mbali upande wa kushoto. Mafunjo yanakwaruzana nyuma. Wanaume wawili wanazungumza kwa Dholuo kwa sauti ya watu waliozoeana, juu ya bei ya mafuta ya taa na juu ya shemeji ya mmoja wao. Mashua nyingine yenye injini inatokea kulia, inapita mbele, inazunguka, na inapopita nyuma ya kisogo mwili wenyewe hugeuka kabla mtu hajaamua kugeuka. Sikio hujua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha wakati iliofika kila upande, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna aliyefundishwa kuihesabu, ila sote tunaihesabu. Kwa kuwa spika hizi ziko mahali halisi chumbani, mgeni yuko huru kugeuza kichwa, kulala, kuinuka, na ziwa likabaki pale lilipo. Hiki ndicho kilichokosekana Kibuye. Mama yule angeipata miguu yake hapa, kwa sababu hakuna aliyemvua mwili wake.

Picha zenyewe, ukiweza kuziita picha, ni vitone vya mwanga vinavyoanza kuonekana chini kabisa mwa kitambaa, pande zote, hafifu kiasi kwamba ukivikazia macho vinatoweka na ukitazama kando vinarudi. Ni taa za wavuvi wa omena. Kila mkazi wa ukanda huu anazijua: usiku usio na mwezi huonekana kwa mbali zimejipanga juu ya maji, na mgeni asiyejua hudhani kuna mji ng'ambo. Hapa hazina mashua, hazina watu, hazina hata upeo wa ziwa. Sauti ndiyo inayoyajenga hayo yote, na kila msikilizaji huijenga mashua yake. Tulipotoka, mmoja alisema aliiona ya buluu. Mwingine, mzee aliyejitambulisha kuwa alivua Dunga kwa miaka mingi, alimkabili kijana wa mlangoni kwa swali la kitaalamu.

"Kijana wangu, huyo mwenye kafi alikuwa ametoka kuugua?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Anachelewesha mkono wa kushoto. Sikiliza tena, utamsikia."

Kijana alicheka, lakini baadaye aliniambia kwamba mpiga kafi yule kweli alikuwa na bega bovu wiki waliyorekodi. Katika chumba cha maua hakuna mtu angeweza kugundua jambo kama hilo, kwa kuwa hakuna la kugundua.

Sina shaka kwamba uchache wa picha ndio nguvu ya chumba hiki. Mwaka 1995 msanii wa Kanada Char Davies alitoa Osmose, kazi ya uhalisia pepe ambamo mgeni alisogea kwa pumzi zake: akivuta hewa anapanda, akiitoa anashuka, kama ajuavyo mpiga mbizi. Badala ya kutafuta picha kali, Davies alizifanya kwa makusudi ziwe za kupenyeka, mti ukionekana ndani ya mti mwingine, ili mtazamaji asipate kitu cha kukitambua upesi na kukiacha. Vijana wa Kisumu hawana kompyuta ya kufanya hayo, nao wameufikia ukweli huo huo kwa njia ya umaskini wa vifaa na utajiri wa masikio. Mafundi wa spika za matangani wanajua ni wapi sauti huzama na wapi hurudi. Ujuzi huo hauna cheti, na unasikika.

Ninayo malalamiko pia. Feni ya kompyuta iko ndani ya chumba badala ya nje, na katika sehemu tulivu inashindana na vyura. Joto hupanda haraka kwa sababu kitambaa kinachozuia mwanga huzuia na hewa. Umeme ukikatika, betri yao huhimili kompyuta lakini haihimili spika, na wasikilizaji hubaki gizani wakisikia duka la chini. La uzito zaidi ni la wale wanaosikika. Niliambiwa rekodi ilifanywa kwa ruhusa ya kamati ya usimamizi wa ufuo, na sina sababu ya kulikanusha hilo. Lakini hakuna mahali ukutani palipoandikwa majina ya wavuvi ambao mazungumzo yao ndiyo moyo wa kazi, wala hakuna aliyeweza kunieleza wanapata nini kutokana na kiingilio. Msanii akiazima sauti ya mtu anayemjua shemeji yake kwa jina, asimwache huyo mtu bila jina.

Sasa kwa kile nilichokiita kipimo. Nilipotoka kwenye miwani, sakafu iliyumba kidogo na mikono yangu ilionekana migeni kwa muda mfupi, kisha yakaisha. Nilipotoka kwenye maua sikubaki na kitu. Nilipotoka gizani, ngazi zile zile nilizopanda zilikuwa na kina cha sauti: mlango wa wakili ghorofa ya pili ulifungwa chini yangu na kushoto, cherehani za duka la vitambaa zilikuwa tatu na si moja, na barabarani kelele niliyoizoea kama kitu kimoja kizito ilikuwa imepasuka vipande vipande, tuktuk huku, fundi wa kuchomelea vyuma kule, kondakta anayeita abiria wa Kondele, adhana kutoka upande wa mjini kati, kila kimoja na mahali pake na umbali wake. Nilijikuta nimesimama kando ya barabara nikisikiliza, jambo ambalo si la busara sana mahali penye bodaboda nyingi. Hali hiyo ilififia kabla sijafika stendi. Lakini tangu wakati huo naweza kuiita ikaja nikiitaka, hasa jioni, na hilo sikuwa naliweza zamani.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini alipe kusikia Dunga ilhali Dunga ipo, na tuktuk humfikisha kwa nauli ndogo kuliko kiingilio. Jibu langu ni kwamba ufuoni kuna samaki wa kukaangwa, kuna wenye mashua wanaokukaribisha kwenda kutazama viboko, kuna marafiki na simu, na sikio hufanya lile ambalo limezoea kufanya, yaani kuyachuja yote mpaka yabaki maneno ya mtu anayezungumza nasi. Chumba kimemwondolea mgeni vingine vyote ili kile kimoja kilichosalia kimshike. Hapo hapo ndipo penye hatari yake. Ziwa la ghorofani halina harufu ya samaki aliyeoza, halina chupa za plastiki zinazogongana kwenye mafunjo, halina mbu. Wamechagua saa tulivu kuliko zote na wamekata, kwa kukiri kwao wenyewe, kelele za jenereta. Mtoto wa mtaa wa Milimani asiyewahi kushuka Dunga anaweza kutoka akiamini ziwa ni safi kiasi hicho, na kazi inayojua kumshika mtu masikio kwa nguvu namna hii ina wajibu wa kumwambia imeacha nini nje. Ningependa rekodi ya pili, ya saa nne asubuhi, ichezwe mara baada ya ya kwanza, jenereta na yote.

Kwa anayepanga kwenda, mpangilio wa vyumba ni muhimu kuliko wanavyokiri mlangoni. Watakuelekeza uanze na miwani kwa sababu ndiyo yenye foleni. Kataa kwa upole, uanze na giza, kwa kuwa baada ya vioo vya miwani macho yatachukua muda mrefu kuzizoea taa za omena, na mwenye kichefuchefu hafaidi mkeka. Jengo halina lifti, kwa hiyo anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kufika bila kubebwa, na hili ni kosa ambalo hakuna ubora wa sauti unaoweza kulifidia. Watoto wadogo huzuiwa kutumia miwani, na sawa kabisa. Chumba cha giza huruhusiwa wakiwa na mzazi. Maji ya kunywa yanauzwa, chakula hakuna. Jumapili hufungua saa nane mchana, na siku nyingine saa nne asubuhi mpaka saa mbili usiku. Tiketi ya mchana hukuruhusu kurudi jioni ya siku iyo hiyo, giza la nje likisha kukitengeneza chumba cha projekta, ilimradi uihifadhi karatasi yake, kwa maana mlangoni hawaandiki majina.